Fuvu la Kucheka

Kundi lao la WhatsApp liliitwa Marehemu Watarajiwa, na kati ya wanachama wake wanne hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Walikuwa tu vijana wa Kimulot waliosoma sekondari pamoja, wakaenda vyuo, wakarudi nyumbani na vyeti vyao ndani ya bahasha za kaki, na sasa walikuwa wanangoja maisha yaanze. Eugene alipakia magunia katika kiwanda cha chai siku ambazo alihitajika. Phyllis alikuwa Kericho mjini kwa shangazi yake, akizunguka ofisi na barua za kuomba kazi. Bilhah aliuza misumari na mabati katika duka la baba yake, Mzee Wambugu, aliyehama kutoka Nyeri na kufungua duka hapo senta kabla Bilhah hajazaliwa. Na Mathew Kipkemoi, ambaye habari hii ni yake kuliko ya mtu mwingine, alikuwa mwalimu asiye na shule.

Kundini kulikuwa na sheria moja. Shida haikuletwa uchi. Ilivalishwa emoji kwanza. Fuvu lilimaanisha nimecheka mpaka nimekufa. Jeneza lilimaanisha siku ya leo imenizika. Yule mchekeshaji wa pua nyekundu alimaanisha nimeamini watu tena, nikaahidiwa kazi, nikapiga suti pasi. Phyllis alipokaa kutwa nzima kwenye foleni ya intavyuu halafu jina lake likarukwa, aliandika 🤡⚰️ basi, na wenzake wakamjibu kwa mafuvu matupu. Baadaye alimwambia Bilhah kwamba alicheka kweli, akiwa amesimama steji ya matatu, machozi yanamtiririka. Aliyethubutu kuandika huzuni kavu aliambiwa asiwaletee matanga.

Bilhah aliipenda sheria hiyo. Ilikuwa kama mtu akikusaidia kubeba gunia huku anakutania kwamba hujui kubeba.

Bingwa wao alikuwa Mathew. Alikuwa amechoka kungoja kuajiriwa, akamwomba mama yake, Mama Rebeccah, auze ndama wao wa pekee ili yeye anunue vifaranga. Hakuwa na banda. Aliwaweka ndani ya chumba chake mwenyewe, upande wa pili wa kitanda, akawazungushia maboksi na kuwatandikia maranda ya mbao. Aliwaita watoto. Kila asubuhi alituma ripoti: watoto wamelala salama, baba yao amelala wima 💀. Watoto wamekula, baba yao amewaangalia wakila ⚰️. Simu yake ukiipiga, ilibidi mpayukiane, kwa sababu vifaranga walikuwa wanalia piu piu mchana kutwa mpaka masikio yanauma.

Siku ya mkasa mvua ya mawe ilianza baada ya chakula cha mchana. Kule karibu na msitu wa Mau mvua ya mawe si kitu kigeni, lakini hii ilishuka kwa hasira. Dukani kwa Mzee Wambugu haikuwezekana kusikia mteja anataka nini. Barabara iligeuka nyeupe, baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa, na wateja waliokwama ndani wakajikunyata kati ya mapipa ya rangi.

Bilhah alikaa nyuma ya kaunta, akafungua simu.

Mathew alikuwa ametuma picha ya ua wa kwao, mawe yamelala juu ya nyasi kama mahindi yaliyomwagika. Chini yake aliandika: "Mungu ananipigia makofi 👏💀." Kisha: "Watoto wanatetemeka. Nimewaingizia jiko, nimeziba dirisha na blanketi na mlango nimeuwekea gunia. Tuko ndani kama sadini 🐥🔥🐥."

Eugene akajibu: "Kuku choma ya bure 😭💀."

Phyllis akatuma mafuvu matatu. Bilhah naye akatuma lake.

Muda ukapita. Mteja mmoja alitaka kitasa, Bilhah akapanda ngazi kumtafutia, akashuka. Simu ilikuwa imelia tena.

"Kichwa kinataka kupasuka 🤯."

"Miguu imegoma. Imeingia maandamano ⚰️."

Eugene: "Umekunywa nini na hujatuitia 😂💀💀."

Phyllis: "RIP baba watoto. Tutachangia tenti ⚰️⚰️."

Bilhah alicheka. Akatafuta jeneza, akaliwekea maua juu, akatuma. Hilo alilikumbuka siku nyingi baadaye, kwamba yeye mwenyewe alimtumia jeneza, na maua juu.

Kisha Mathew akaandika: "watot wamelala wote 🐥💀"

Na baada ya hapo: "💀"

Na tena: "💀💀 n"

Mafuvu ya Eugene yakamiminika chini yake. Lakini Bilhah aliiangalia ile herufi n iliyobaki peke yake, akaacha kucheka. Mathew alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Hata akitania aliweka nukta. Aliwahi kumsahihisha Eugene tahajia katika ujumbe wa matusi.

Akampigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Safari hii ilipokelewa.

"Mathew! Mathew, uko sawa?"

Hakujibiwa. Alisikia mawe yakipiga bati, mbali, mfululizo. Alisikia kitu kama pumzi, au labda ni blanketi linaburutwa. Akakandamiza simu sikioni na kuziba sikio la pili kwa kidole. Kulikuwa na kitu kinakosekana, na ilimchukua muda kukijua.

Vifaranga hawakuwa wanalia.

"Baba!" alipaza sauti. "Baba, toa gari!"

Mzee Wambugu alikuwa anapimia mtu waya, akainua macho juu ya miwani. "Gari iende wapi na hii mawe? Unataka kioo kipasuke?"

"Kwa kina Mathew. Kuna kitu imempata."

"Amekwambia?"

Bilhah akamwonyesha simu. Mzee aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaipitishia kidole kutoka juu hadi chini. Uso wake ukakunjamana.

"Hii ni nini? Vichwa vya maiti?"

"Ni ya kucheka, Baba. Tunaweka tukicheka."

"Sasa kama anacheka, shida iko wapi?"

"Leo hachekei."

"Umejuaje?"

Bilhah angeelezaje? Fuvu la asubuhi na fuvu la sasa hivi yalikuwa picha ileile, kutoka kwa mtu yuleyule. Wateja walikuwa wanamtazama. Mmoja alitabasamu.

"Mami," baba yake alisema kwa upole, kwa jina alilomwitia tangu utotoni kwa sababu alirithi jina la nyanya yake, mama mzazi wa mzee, "kwa hivyo huyu kijana kila siku anasema amekufa na hajakufa. Leo ndiyo amekufa kweli?"

Mtu akacheka huko nyuma.

"Baba, ameingiza jiko la makaa kwa vifaranga. Amefunga kila mahali. Saa hii nimempigia, ameshika simu na haongei. Na vifaranga hawalii. Hata mmoja."

Mzee Wambugu aliweka chini kile kipande cha waya.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Ngai," akamtaja Mungu kwa Kikikuyu, na mkono wake ulikuwa tayari unapapasa mfukoni kutafuta ufunguo. "Nyinyi wote tokeni nje, nafunga duka."

Pikapu ilitoka na mawe yanaigonga bodi. Waipa za kufutia kioo zilikwama kwenye barafu, kwa hiyo mzee aliendesha kichwa chake kikiwa kimetolewa dirishani, kofia imelowa, akipepesa macho. Pande zote mbili za barabara majani chai yalikuwa yamechanwa vipande vipande, na harufu yake mbichi ikajaa ndani ya gari. Bilhah alipiga simu bila kukoma. Haikupokelewa tena.

Wazo jingine lilimjia hapo, akajaribu kulifukuza. Je, kama hakusahau? Mathew amesoma. Je, kama alijua makaa hufanya nini ndani ya chumba kilichofungwa? Alianza kurudisha nyuma mawazo yake, akikumbuka majeneza ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita, akiyageuza moja baada ya lingine, na hakuna hata moja aliloweza kusema kwa hakika lilikuwa la namna gani.

"Harakisha, Baba."

"Nikiharakisha tutaingia mtaroni."

Walipokata kona ya kushuka kwa kina Mathew, mkaratusi ulikuwa umelala barabarani kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee alishika breki, gari likateleza upande, likasimama matawi yakiwa yamegusa taa. Bilhah hakungoja. Alifungua mlango, akapita chini ya shina kwa magoti, akaingia shambani.

Majani chai si mmea wa kukimbilia ndani yake. Miti yake imefungamana, matawi ni magumu kama waya, na vijia vya wachumaji vinatosha mguu mmoja tu. Alianguka, akaamka, akaanguka tena. Mawe yalimpiga kisogoni. Kiatu kimoja kilibaki matopeni. Nyuma yake alimsikia baba yake akihema na kumwita amngoje, naye hakumngoja.

Nyumba ya Mama Rebeccah ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Yeye alikuwa amekwama kituo cha kupimia majani pamoja na wachumaji wengine. Chumba cha Mathew kilikuwa pembeni, cha mbao na bati. Bilhah alitarajia moshi. Hakukuwa na moshi. Hicho ndicho kilichomtia woga zaidi, kwamba chumba kilionekana kimetulia, kama mtu amelala tu kwa sababu ya baridi.

"Mathew!" Alipiga mlango kwa ngumi. Ulikuwa umekomewa kwa ndani. Alizunguka dirishani, blanketi likamzuia kuona. Akaokota jiwe moja uani, akavunja kioo, akaingiza mkono na kulivuta lile blanketi mpaka likadondoka.

Alimwona miguu kwanza. Alikuwa chini, kati ya kitanda na mlango, simu karibu na kichwa chake, mkono umenyooka kuelekea kwenye komeo.

"Baba! Yuko hapa! Vunja huo mlango!"

Mzee Wambugu alifika akiwa hana pumzi ya kuuliza swali. Alipiga bega mara ya kwanza, mlango ukalia. Akarudi nyuma, akapiga kwa mguu pale karibu na bawaba, mbao zikapasuka. "Usikae ndani!" alimfokea Bilhah. "Vuta pumzi hapa nje, ingia, shika mguu, toka!"

Walimburuta wakamlaza chini ya mvua. Mawe madogo yakamwangukia usoni na hakukunja uso. Bilhah aliweka sikio kifuani, lakini kelele ya bati ilimzuia kusikia chochote. Akaweka shavu lake karibu na pua ya Mathew. Akangoja. Ilikuwa fupi sana, joto kidogo tu kwenye ngozi yake, lakini ilikuwa pumzi.

"Anapumua."

"Hatuwezi kumbeba hadi gari sisi wawili," mzee alisema huku macho yake yakizunguka ua. Nyuma ya choo kulikuwa na wilbaro ya kubebea mbolea. Akaiendea mbio.

Safari ya kurudi barabarani Bilhah aliikumbuka vipande vipande. Gurudumu likizama matopeni. Baba yake akisukuma kwa kifua, akizungumza na Mungu kwa Kikikuyu. Kichwa cha Mathew kikiyumba mikononi mwake. Katikati ya shamba Mathew alitapika, na Mzee Wambugu akapiga kelele ya furaha kana kwamba kijana amefaulu mtihani. "Tapika! Tapika yote, weri!" alisema, kwa neno la Kikipsigis la kumwitia kijana, ambalo Bilhah hakuwahi kumsikia akilitumia.

Walimpitisha chini ya mkaratusi, wakampandisha nyuma ya pikapu. Bilhah akakaa naye huko nje, kwenye hewa, kichwa chake amekipakata, turubai limewafunika mabega. Gari likageuka kuelekea Kapkatet hospitalini.

Hapo ndipo alipokumbuka kundi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Aliandika: "Mathew amezirai. Ni makaa. Tunampeleka hospitali. Mama yake aambiwe."

Eugene akajibu papo hapo: "💀💀💀 wacha stori."

Phyllis: "Marehemu wa kwanza hongera ⚰️😂."

Bilhah alitazama yale majibu na kwa mara ya kwanza yalimtisha. Alikuwa ameandika maneno ya kweli, na hakuna aliyeyasoma. Akabonyeza kurekodi sauti. Hakuweza kusema mengi; alisema jina la Mathew, akasema tafadhali, kisha akalia, na kilio chake na kishindo cha pikapu vikaingia pamoja. Akatuma.

Juu ya skrini iliandikwa kwamba Eugene anaandika, ikafutika, ikaandikwa tena, ikafutika. Mwisho lilikuja neno moja, bila picha yoyote: "Wapi?"

Hospitalini walimwekea Mathew hewa ya oksijeni, wakamfunika, na daktari akawauliza maswali mengi kuhusu jiko na dirisha. Alisema wamewahi, ila si kwa kuwahi sana. Mzee Wambugu alikaa kwenye benchi akiwa ameloa chapachapa, bega limemvimba, hataki kurudi nyumbani kubadilisha nguo. Eugene alikuwa ametoka mbio kiwandani hadi kituo cha majani, akamfuata Mama Rebeccah na kumpandisha boda. Walifika jioni, mama bado amevaa aproni yake ya plastiki ya kuchumia. Eugene alisimama mlangoni, hakumtazama mtu machoni.

Mathew alikuwa amefumbua macho kufikia asubuhi, lakini maneno yake yalikuwa mazito na hakukumbuka siku ilikuwa gani. Mama Rebeccah alimshika mguu juu ya blanketi, kisha akamgeukia Bilhah kumshukuru.

"Kongoi, mtoto wangu. Kongoi sana. Lakini mlijuaje? Aliwapigia?"

"Alituandikia."

"Nionyeshe."

Bilhah alisita. Hata hivyo huwezi kumnyima mama kitu kama hicho. Akampa simu. Mama Rebeccah hakuwa amesoma sana, lakini picha hazihitaji shule. Alizitazama taratibu, mafuvu na majeneza, na yale maua juu ya jeneza moja.

"Hizi ni nini?"

"Ni za kucheka, mama."

"Hii nayo? Ya sanduku?"

"Pia ni ya kucheka."

Mama alifikiri. "Na mkilia, mnaweka gani?"

Eugene aliinama akatazama viatu vyake. Bilhah ndiye aliyejibu, kwa sababu simu ilikuwa yake.

"Hizo hizo, mama."

Mama Rebeccah hakumgombeza mtu. Alimrudishia simu, akachukua kitambaa, akaendelea kumfuta mwanawe shingo.

Mchana walipobaki wawili tu, yeye na Mathew, Bilhah aliuliza swali alilokuwa amelibeba tangu ndani ya gari. Aliliuliza akiangalia ukuta.

"Ulikuwa unajua? Kuhusu makaa?"

Mathew alivuta blanketi mpaka kifuani.

"Sikujua," alisema. "Walahi sikujua, nilikuwa nafikiria watoto tu. Kichwa ikiuma nikadhani ni baridi. Halafu miguu ikakataa, ndio nikajua kuna kitu. Nikaandika 'njooni.' Nikaiangalia, Bilhah, nikaona aibu. Nikafuta. Nikaweka fuvu." Akapumzika. "Mara ya pili nikataka kuiandika tena, vidole havikushika."

"N," Bilhah alisema.

"Sijui. Labda." Aligeuza uso upande wa dirisha. "Lakini kuna siku zingine. Kabla ya watoto. Zile nilikuwa natuma jeneza saa ya chai na nyinyi mnacheka. Siku zile nilikuwa najua nasema nini."

Bilhah alivuta kiti karibu na kitanda, akakaa, na akabaki hapo mpaka wauguzi walipomfukuza.

Vifaranga wengi walikufa. Waliopona ni wale wachache waliokuwa wamejibana karibu na mlango, pale hewa ilipopenya chini ya gunia. Mathew mwenyewe alirudi nyumbani baada ya siku chache, lakini mikono ilimtetemeka kwa muda mrefu, na mara nyingine alisahau neno katikati ya sentensi, jambo lililomkera kuliko maumivu ya kichwa. Mzee Wambugu alipanda kwa kina Mathew na mbao na waya wa kuku, wakajenga banda nje, lenye madirisha pande zote. Alilijenga akilalamika tangu msumari wa kwanza hadi wa mwisho kuhusu bega lake na kuhusu vijana wa siku hizi.

Kundi halikufa. Eugene alitoka, akakaa nje kwa wiki kadhaa kwa aibu, Phyllis akamrudisha. Utani ulirudi pia, kwa sababu kazi zilikuwa bado hazijapatikana na hawakuwa na kitu kingine cha kupitishia siku. Ila sasa mtu akituma jeneza, mmoja wao humpigia simu pembeni. Wakati mwingine anaambiwa, "Wacha ushamba, nilikuwa nacheka." Wakati mwingine simu hiyo huchukua muda mrefu.

Siku moja ya Juni yenye ukungu, Bilhah akipanga makopo ya rangi, simu yake iliita. Alikuwa Mathew. Vifaranga walisikika nyuma yake, na ilibidi apaze sauti.

"Bilhah, leo siko sawa," alisema. "Sina utani. Siko sawa tu."

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Huku kwa banda."

"Kaa hapo hapo," Bilhah alisema, akamwita baba yake aje ashike kaunta, akavuta sweta na kutoka.